Sarufi ya Kiingereza Ianzie Kwenye Kiswahili cha Mwanafunzi

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali Tanzania na kuingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo aliyozoea kuyasikia kwa Kiswahili sasa yanafundishwa kwa Kiingereza. Daftari likirudi nyumbani limejaa kalamu nyekundu, mzazi huomba afundishwe sarufi zaidi. Walimu wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaoandika kanuni ubaoni ikaririwe, kisha mazoezi ya kujaza nafasi. Wengine huona sarufi itakuja yenyewe, mradi mtoto asikie na asome Kiingereza cha kutosha.

Hili la pili lilipata mtihani wake Canada. Mwaka 1965, huko St. Lambert, Quebec, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walianza kusomeshwa kwa Kifaransa, na mpango huo ukaenea nchini. Watoto wa madarasa ya aina hiyo walifika mbali katika kuelewa na kusoma, lakini walipozungumza na kuandika, makosa ya sarufi yaliendelea kwa miaka. Kusikia peke yake hakukutosha. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain alitoa hoja kwamba mwanafunzi lazima pia asukumwe kutunga sentensi zake mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Kanuni inayofundishwa bila kuangalia Kiswahili huzaa makosa yake. Chukua kiambishi -me-. Mwanafunzi akishaambiwa kuwa -me- ni "has", ataandika "The baby has slept" akimaanisha mtoto amelala, yuko kitandani sasa hivi. Hapo ametii kanuni. Kasoro ni ya kanuni. Kiambishi hicho kina kazi mbili: kinaonyesha tendo lililokamilika, kama "amefika", na hali iliyopo baada ya tendo, kama "amesimama", "amevaa", "nimechoka". Kiingereza huzitenganisha: "He has arrived", lakini "He is standing", "She is wearing a sweater", "I am tired".

Somo la jambo hili halihitaji vifaa. Mwalimu aandike ubaoni sentensi kama nane za Kiswahili zenye -me-, zilizochanganywa. Wanafunzi wazipange mafungu mawili: zinazoeleza jinsi mtu alivyo sasa, na zinazoeleza jambo lililokwisha. Watabishana, na waachwe wabishane. Ndipo awape sentensi za Kiingereza wazioanishe na kuitafuta kanuni wenyewe. Jina la njeo, yaani wakati wa kitenzi, lije mwisho. Muda unaobaki waelezane nani darasani amekaa wapi na amevaa nini, kwa Kiingereza.

Najua shule nyingi zina bango la "English Only" mlangoni. Kwa maoni yangu, dakika kumi za Kiswahili zinazofungua jambo gumu zina faida kuliko kipindi kizima cha Kiingereza kisichoeleweka.

"A" na "the" huonekana ngeni kabisa, lakini wazo lake si geni. "Umeona gari?" ni swali la gari lolote, "Umeliona gari?" ni la gari ambalo sote wawili tunalijua. Msimulizi wa hadithi naye huanza "Palikuwa na mzee", kisha huendelea "yule mzee". Mwalimu aanzie hapo, ila awe mwangalifu: kwa watu, kiambishi cha mtendwa (kama -li- ya "umeliona") hutumika hata mtu asipojulikana, kwa mfano "nimemwona mtu", kwa hiyo mifano ya vitu ndiyo salama.

Kuchanganya "he" na "she" ni habari nyingine. Kila mwanafunzi anaijua tofauti. Ulimi tu ndio haujazoea, kwa sababu "yeye" hachagui jinsia. Maelezo mapya hayatasaidia, mazoezi ya kusimulia habari za watu yatasaidia. Vivyo hivyo "s" ya "she goes": kanuni yake ni nyepesi, lakini wanafunzi wa Kiingereza wenye lugha mbalimbali za kwanza huchelewa kuizoea. Kumwadhibu mtoto kwa "s" hiyo ni kupoteza muda.

Na kusahihisha? Wengi wetu hurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa sahihi na kusonga mbele. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wa mwaka 1997 kwenye madarasa ya Kifaransa huko Canada, walikuta njia hiyo ndiyo iliyotumiwa zaidi na walimu, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Mwanafunzi alipoulizwa au kudokezwa ili atafute mwenyewe jibu, alijirekebisha mara nyingi zaidi. Akisema "He go to market yesterday", mwulize "Yesterday?" kisha nyamaza. Chagua kosa moja au mawili kwa kipindi, yale yaliyofundishwa wiki hiyo, na mengine yaache yapite.