Riba ya benki imekatwa ushuru, lakini sifuri hujaistahili

Juni ikifika na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato na ushuru ya mwaka), inanyemelea, kuna maneno hapa Kisumu nayasikia hadi yananikera: "Mhasibu, wewe nijazie sifuri tu. Riba yangu benki ilishakata ushuru." Anayesema hivyo ana duka la vifaa vya ujenzi, au lori la mchanga, au anauza omena kwa magunia pale Kibuye. Ritani ya sifuri ni ya asiye na mapato ya kutangaza. Sifuri gani hiyo?

Taabu ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Benki ikikuwekea riba, hukata asilimia 15 palepale kabla hujaigusa, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 inatakiwa kuyafikisha makato hayo KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ndani ya siku 5 za kazi. Kwa mtu binafsi mkaazi wa Kenya, riba ya benki yenye leseni inaishia hapo. Huo ni ushuru wa mwisho: riba hiyo haijumlishwi tena na mshahara wala faida ya duka, na hudaiwi nyongeza. Kwa hiyo wanaotembea wakisema KRA inakata riba mara mbili, nao wanatisha watu bure.

Lakini benki haipeleki pesa tupu. Inapeleka na PIN yako, yaani namba yako ya ushuru, kiasi cha riba kabla ya makato, na kilichokatwa. Cheti cha makato hayo kinakaa kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, wewe mwenyewe unaweza kukifungua. Sasa tuseme cheti kinasoma riba 90,000, ushuru 13,500. Kama benki ilikuwa inatoa asilimia 9, amana ilikuwa milioni moja, na imelala pale mwaka mzima. Na mwenye PIN hiyo amejaza sifuri mwaka huohuo, na uliotangulia pia. Milioni ilitoka wapi?

Huenda ni urithi. Huenda ni malipo ya uzeeni, au shamba la Muhoroni liliuzwa. Sawa, hayo yana karatasi zake, zilete. Lakini kama ilitoka kwenye omena, ile faida ilikuwa na ushuru wake kabla haijafika benki, na asilimia 15 ya riba haiugusi hata kidogo. Umelipia yai, kuku mwenyewe hujamwandikisha. Hili ndilo ninalolirudia hadi sauti inakauka, na bado mtu ananijibu, "Lakini si walikata?" Walikata ya riba!

Biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka iko kwenye ushuru wa mauzo, asilimia 3 ya mauzo ghafi, unaolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo ya milioni moja kwa mwaka si utajiri. Ni chini ya elfu 3 kwa siku. Wengi wanaojiita "wadogo" wameshavuka hapo bila kujua.

Ushauri wangu, hata usipoulizwa: usije kwangu tarehe 29 Juni. Njoo Februari, na taarifa za benki za mwaka mzima. Ritani za nyuma zinaweza kurekebishwa kwenye iTax. Faini itakuwepo, pamoja na asilimia 1 kwa mwezi juu ya ushuru uliochelewa, lakini ni afadhali kuliko kungoja KRA ikufanyie hesabu yenyewe. Ikishakukadiria na ukanyamaza, sheria inairuhusu kuiandikia benki ilipe deni kutoka akaunti yako.

Mengine nayapitia upesi.

Eti KRA huona salio lako kila asubuhi. Hapana. Kinachopelekwa kwa kawaida ni riba na makato yake. Taarifa nzima ya akaunti inaweza kuitishwa KRA ikikuchunguza, na hapo hata akaunti isiyo na riba haijifichi.

Eti ukigawa pesa benki tatu riba itakuwa ndogo hadi isikatwe. Hakuna kiwango cha chini. Inakatwa kuanzia shilingi ya kwanza, na ripoti zote tatu zinakutana kwenye PIN moja.

Eti wanakata akiba. Weka 200,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka: riba 20,000, ushuru 3,000, unatoka na 217,000. Kama salio lako linapungua, soma taarifa ya benki mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta ni ada za benki.

Eti akiba ya simu haihesabiwi. M-Shwari ni akaunti ya benki ya NCBA, riba yake ni riba ya benki.

Na "kila mtu ni asilimia 15 basi" ndilo kosa linalowagharimu vyama (vikundi vya kuweka akiba pamoja) na kampuni. Ule mwisho wa hesabu ni wa mtu binafsi. Kampuni inaingiza riba yote kwenye ritani, inatozwa asilimia 30 kama mapato mengine, kisha ile 15 iliyokatwa inapunguzwa kwenye deni. Chama chenye PIN yake nacho si mtu binafsi, hivyo riba yake haiishii benki. Bila cheti cha makato huna cha kupunguza. Mweka hazina akija, aje na cheti kilichotolewa kwenye iTax, chenye PIN ya chama. Asije na SMS ya benki. Na akikuta kiliandikwa kwa PIN ya mwenyekiti, arudi benki wakirekebishe kabla hatujafungua ritani.