Pisa kwa Siku Moja: Yanayosemwa na Yaliyopo

Marafiki wanaokaa Florence, Italia, siku kadhaa wakasema "kesho twende Pisa", mpango wao mara nyingi ni ule ule: kupanda treni asubuhi, kunyoosha mikono mbele ya kamera kana kwamba wanauzuia ule mnara ulioinama usianguke, kununua sumaku ya friji, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ukiwauliza kwa nini waharakishe hivyo, watakujibu kwamba hakuna kingine cha kuona. Tuanze na mnara wenyewe basi, kwa sababu hata huo wengi wanaujua kwa kusikia.

"Fundi alikosea, au aliuinamisha makusudi"

Hakuna aliyetaka uiname. Ulianza kujengwa mwaka 1173 uwe mnara wa kengele wa kanisa kuu lililo kando yake, na ulikusudiwa kusimama wima kama mingine yote. Shida ilikuwa ardhini. Pisa imekaa juu ya mashapo ya mto: mfinyanzi laini, mchanga, na makombe ya enzi ambazo bahari ilikuwa karibu zaidi. Juu ya udongo huo mafundi waliweka msingi wa kina cha mita tatu hivi. Walipofika ghorofa ya tatu, mnara ukaanza kuzama upande mmoja.

Kazi ikasimama mnamo 1178, ikalala karibu miaka 100, kwa kuwa Pisa ilikuwa na vita na majirani zake. Hapa ndipo hadithi inaponogea. Vita hivyo viliuokoa mnara. Katika miaka yote hiyo uzito uliokwishajengwa uliushindilia udongo na kuukamua maji, mpaka ukapata nguvu ya kubeba zaidi. Wahandisi waliouchunguza wanasema kwamba kama ujenzi ungeendelea mfululizo, mnara ungeanguka kabla ya kwisha. Kazi ilirudi mwaka 1272, ikakatika tena baada ya meli za Pisa kuangamizwa na mji hasimu wa Genoa kwenye vita vya Meloria mwaka 1284. Chumba cha kengele juu kabisa kilimalizika mnamo 1372.

Mafundi waliorudi kazini waliuona mwinamo, wakajaribu kuurekebisha kwa kujenga upande uliozama mrefu kuliko mwingine. Kwa hiyo usiutazame ukiwa chini yake tu. Sogea mbali, funga jicho moja, na utaona kwamba mnara haukuinama tu, umepinda kidogo kama ndizi.

Wala si wa pekee. Jengo la ubatizo lililo kwenye uwanja huo huo limeinama pia, ingawa kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukikosa, na minara ya kengele ya makanisa ya San Nicola na San Michele degli Scalzi nayo imeegemea upande. Udongo haukuchagua.

"Utaanguka siku yoyote"

Kulikuwa na wakati hofu hii ilikuwa ya haki. Mwaka 1989 mnara wa kale wa mji wa Pavia uliporomoka ghafla na kuua watu wanne. Januari 1990 mnara wa Pisa ukafungwa. Ulikuwa umeinama nyuzi 5.5 hivi, na kilele chake kimetoka nje ya msingi kwa zaidi ya mita 4.

Kibaya zaidi, waliowahi kuusaidia waliuumiza. Mwaka 1838 msanifu majengo Alessandro Gherardesca alichimba kuuzunguka ili watu waone sehemu ya chini iliyofukiwa, maji yakafurika na mnara ukazidi kuinama. Katika miaka ya 1930 Mussolini, dikteta wa Italia, aliyeona aibu kwa mnara uliopinda, akaagiza saruji ipigwe sindano kwenye msingi. Ukainama tena.

Kamati iliyoongozwa na Michele Jamiolkowski, akiwemo mhandisi Mwingereza John Burland, ilifanya jambo ambalo mtu wa kawaida angeliona la kichaa: badala ya kuushikilia upande uliozama, ikatoa udongo chini ya upande wa pili. Kwanza waliweka uzito wa mamia ya tani za madini ya risasi upande wa kaskazini, ule usiozama, kisha wakachokonoa udongo kidogo kidogo kwa mabomba yaliyoingizwa mshazari. Mnara wa tani zaidi ya 14,000 ukatulia taratibu kuelekea kule walikotoa udongo. Ulifunguliwa tena Desemba 2001, na sasa umeinama nyuzi 4 hivi. Haukunyooshwa kabisa, na hilo halikuwa lengo. Nani angepanda treni kwenda kuangalia mnara wima?

Watu huuliza pia kuhusu matetemeko. Eneo hilo limetikiswa mara kadhaa na mnara ukabaki. Watafiti wanaeleza kwamba ulaini ule ule wa udongo, ukiunganishwa na urefu na ugumu wa mnara, huufanya usitikisike kwa kasi moja na ardhi.

"Galileo alidondosha mawe kutoka juu yake"

Inasimuliwa kwamba mwanasayansi Galileo alidondosha vitu vizito na vyepesi kuonyesha kwamba huanguka kwa kasi moja. Alizaliwa Pisa mwaka 1564 na alifundisha hisabati kwenye chuo kikuu cha hapo, hilo ni kweli. Kisa cha mnara kilisimuliwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani baada ya Galileo kufa, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Ndani ya kanisa kuu utaonyeshwa pia taa inayodaiwa kumpa wazo la pendulamu mwaka 1583. Taa inayoning'inia leo ilitundikwa mwaka 1587. Hesabu mwenyewe.

"Huu ni urithi wa Ulaya peke yake"

Hii ndiyo dhana inayonikera. Pandisha macho hadi kwenye paa la kanisa kuu, utaona mnyama wa shaba mwenye mwili wa simba na mbawa za ndege. Huyo ni nakala. Wa asili, aliyekaa juu hapo kwa karne nyingi mpaka 1828, yuko kwenye jumba la makumbusho la kanisa hilo, na ubavuni amechorwa maandishi ya Kiarabu ya hati ya Kufi yenye maneno ya baraka. Ni kazi ya mafundi wa ulimwengu wa Kiislamu. Kanisa lenyewe lilianza kujengwa kwa ngawira ya shambulio la meli za Pisa dhidi ya Palermo, mji uliokuwa chini ya Waislamu, mwaka 1063.

Halafu yupo Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci. Wengi wanadhani alibuni tarakimu. Alizikuta Afrika: baba yake alikuwa na kazi ya biashara Bugia, ambayo leo ni Bejaia nchini Algeria, na huko kijana akafundishwa kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi zilizotumiwa na Waarabu. Kitabu chake cha mwaka 1202 kiliwaonyesha wafanyabiashara wa Ulaya jinsi ya kuzitumia. Sanamu yake iko Camposanto, makaburi ya kale pembeni mwa uwanja huo huo, ambako kikundi cha marafiki wenye haraka hakiingii kamwe.

"Tiketi tutakata tukifika"

Mtakata, ila huenda mkaambiwa msubiri hadi jioni. Kupanda mnara ni kwa saa iliyopangwa, hivyo wekeni nafasi mapema mtandaoni, na kila mmoja awe na yake. Mikoba huachwa chini, watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi, na ngazi ni zaidi ya 250. Kama mna tiketi za karatasi za treni za mkoa, zigongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi hana huruma. Mkitaka kufika uwanjani haraka, shukeni kituo cha Pisa San Rossore badala ya kituo kikuu, Pisa Centrale.

Lakini kurudi, tembeeni mpaka Centrale kwa miguu. Njiani mtapita uwanja wa Piazza dei Cavalieri. Mnunue cecina, chapati nyembamba ya unga wa dengu, ule ule wa bajia, iliyookwa kwenye tanuri. Mkifika mto Arno, wale wanaodhani Pisa ni mji wa bara tu waingizeni kwenye makumbusho ya meli za kale, ambazo mabaki yake yalifukuliwa kuanzia 1998 karibu na kituo cha San Rossore. Bahari leo iko kilomita 10 hivi kutoka mjini. Hatua chache kabla ya kituo, nyuma ya kanisa la Sant'Antonio Abate, kuna ukuta mzima uliochorwa na Mmarekani Keith Haring mwaka 1989, watu wa rangi kali wakirukaruka, kwa wale watakaodai kwamba mji huu una vitu vya kale tu.