Baruti Haipimwi kwa Macho

Huku Kanda ya Ziwa wengi tumeijua baruti kupitia gobore. Mzee anamimina kwa kukadiria, anashindilia, na ikizidi kidogo bega ndilo linalolia. Mazoea hayo ndiyo yanayozaa karibu kila kosa vijiweni Mwanza, mazungumzo yakifika kwenye risasi za rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, zinazojazwa upya kwa mkono. Marekani watu huifanya kazi hiyo nyumbani kwao kihalali. Kwetu, niliseme mapema, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo.

“Baruti ni baruti, jaza ganda lienee.” Hii ndiyo inayoua. Baruti nyeusi ya gobore ni shura, mkaa na salfa. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, imetokana na nitroselulosi na tabia yake ni nyingine kabisa: shinikizo likipanda inaungua kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inalipandisha shinikizo tena. Ganda la .38 Special, aina mojawapo ya risasi za rivolva, ni la enzi za baruti nyeusi, likibeba takriban greni 21 (kama gramu 1.4). Baruti ya kisasa inayoungua haraka haifiki hata robo ya uzito huo. Kwa hiyo ndani hubaki nafasi tele, na ukipitiwa ukamimina mara mbili, hakuna kitakachomwagika kukushtua. Ndiyo maana wazoefu huyasimamisha maganda yote kwenye kibao chenye matundu, wakamulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa cha risasi.

“Kijiko kinatosha.” Greni 1 ni gramu 0.065. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inaweza kuficha greni 15, yaani mara kadhaa ya kipimo chote! Ile ya wanunuzi wa dhahabu, inayosoma gramu 0.01, angalau inakaribia, ingawa feni ikiwa inazunguka juu yake namba hazitulii. Isitoshe, kijiko hupima ujazo tu. Baruti mbili zikilingana hata kwa uzito, kasi ya kuungua inaweza kuwa mbali kabisa. Kipimo hutoka kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa baruti ileile na kichwa kilekile, na mtu huanzia kipimo kidogo kabisa kilichomo kwenye jedwali.

“Basi punguza, utakuwa salama.” Si kila mara. Rivolva ina mwanya kati ya silinda na mtutu, na gesi huvujia hapo. Baruti ikiwa kidogo mno, kichwa hukwama mtutuni. Mlio unatoka hafifu, mpigaji anadhani risasi ilikuwa mbovu, anavuta tena, na mtutu unavimba au kupasuka. Kuna baruti za kuungua polepole, H110 mojawapo, ambazo mtengenezaji mwenyewe anaonya zisipunguzwe ovyo.

“Fataki haijabapa, mambo shwari.” Fataki ni kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Kikomo cha shinikizo cha .38 Special ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000, cha .357 Magnum, risasi nyingine ya rivolva yenye nguvu zaidi, ni 35,000. Fataki ya .38 inaweza kubaki nzima kabisa wakati kikomo kimeshapitwa zamani.

“Kichwa kikiwa kigumu ndiyo bora.” Mabaki ya madini ya risasi yakigandamana ndani ya mtutu, lawama huangukia ulaini wa madini, wakati mara nyingi mwenye kosa ni kipenyo. Kichwa chembamba kuliko mtutu huacha gesi ya moto ipite kandokando, ikiyeyusha na kukwangua. Kwa mtutu wa inchi 0.357, kichwa cha kusubu kwa kawaida hufanywa 0.358. Na kigumu mno, kikisukumwa na baruti chache, hakitanuki kuziba, kilaini hutanuka.

La mwisho linamhusu hata anayesubu vizito vya nyavu tu: “Hatari ni moshi.” Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone la maji likizama humo hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni. Sumu yenyewe huingia zaidi kwa vumbi na takataka zinazoenguliwa juu ya sufuria, kutoka viganjani hadi mdomoni, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Sufuria hiyo hairudi jikoni, hata uisugue kwa mchanga wa ziwa.