Greni si nguvu: dhana potofu kuhusu uzito wa risasi za kuwindia

Kwenye boksi la risasi kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kaliba, yaani upana wa kichwa cha risasi, kwa inchi (kama .30) au kwa milimita (kama 7.62). Ya pili ni uzito wa kichwa hicho peke yake, bila ganda wala baruti, na hupimwa kwa greni. Greni 1 ni gramu 0.0648, kwa hiyo risasi ya greni 150 ina kichwa cha gramu 9.7, ya 180 ina gramu 11.7, na ya 300 ina gramu 19.4. Wawindaji wenye vibali kuanzia Manyoni hadi Kondoa huichagua namba hii ya pili kwa mazoea au kwa ushauri wa mitandao ya Marekani, na hapo ndipo wanyama wanapojeruhiwa na kupotelea porini.

Dhana: Risasi nzito ndiyo yenye nguvu zaidi.

Chukua kaliba ya .30-06. Kichwa cha greni 150 hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 887 kwa sekunde, na cha greni 180 kwa karibu mita 823. Ukipiga hesabu, cha kwanza kinabeba nishati ya jouli 3,820 hivi na cha pili jouli 3,950. Tofauti ni ndogo mno kuamua lolote.

Kinachobadilika ni jinsi kichwa kinavyozama mwilini. Vichwa viwili vyenye upana mmoja vikipita kwenye nyama na mfupa, kilicho kizito na kirefu huendelea mbele zaidi, mradi kisisambaratike. Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Kichwa chepesi cha shaba tupu, kinachochanua bila kumeguka, kinaweza kuzama kuliko kichwa kizito chenye gamba jembamba na kiini laini cha madini ya risasi, ambacho hupasuka kikigonga bega. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe kichwa kimeundwaje. Uzito uje baadaye.

Kwa swala pala au ngiri, greni 150 katika .30-06 au .308 inatosha kabisa. Kwa tandala mkubwa, korongo na palahala, greni 180 yenye kiini kilichoshikamana na gamba lake ni chaguo zuri. Pofu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 600. Huyo anastahili greni 180 ngumu, 200 au 220, au bora zaidi .375. Mbogo hayumo kabisa kwenye hesabu hii. Kaliba ya chini kwake ni .375, na kichwa cha kawaida cha .375 H&H Magnum ni greni 300 kwenye mita 770 hivi kwa sekunde, karibu jouli 5,780. Hakuna greni za .30 zitakazoziba pengo hilo.

Dhana: Kichwa kizito hupasua kichaka na kwenda palepale.

Vichaka vya Itigi vimesongamana kiasi kwamba imani hii inawavutia wengi. Si kweli. Kijiti cha unene wa kidole hupotosha kichwa cha aina yoyote, chepesi au kizito, cha duara au chenye ncha. Kizito hupotoka pungufu kidogo tu, na hakuna anayeweza kujua kitapotokea upande gani. Kama kuna tawi kati yako na bega la tandala, subiri au sogea.

Dhana: Risasi nzuri humrusha mnyama nyuma.

Risasi haiwezi kumsukuma mnyama kwa msukumo mkubwa kuliko ule unaorudi begani kwako kama teke la bunduki. Mnyama huanguka papo hapo kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umeguswa. Akipigwa moyo au mapafu huweza kukimbia mita 50 au 100 kabla damu haijamwisha. Anayetegemea mnyama arushwe hudhani amekosa, halafu hafuatilii nyayo.

Dhana: Zote ni 7.62, kwa hiyo zinabadilishana.

Hili ni la hatari, na tunaomba lisomwe polepole. Namba 7.62 inataja upana tu. Urefu wa ganda ndio unaotenganisha risasi hizi: 7.62x39 ni ya bunduki za kundi la AK, 7.62x51 ndiyo pacha wa .308 Winchester, na .30-06 ina ganda la milimita 63. Hata upana wenyewe hauko sawa kikamilifu, maana kichwa cha 7.62x39 ni kipana kidogo kuliko cha .308. Risasi ya .308 inaweza kuingia kwenye chemba (nafasi ya kuwekea risasi nyuma ya mtutu) ya .30-06, lakini ganda ni fupi na halina mahali pa kuegemea. Likifyatuliwa hutanuka ovyo na kupasuka, na gesi ya moto hurudi kwenye uso wa mpigaji. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha yaliyo kwenye kitako cha ganda. Yasipofanana neno kwa neno, usipakie.

Dhana: Bunduki inayojipakia yenyewe humeza uzito wowote, mradi kaliba ni sahihi.

Tuanze na sheria: Tanzania hairuhusu kuwinda kwa bunduki otomatiki wala nusu-otomatiki. Mgeni anayewinda kwao kwa Browning BAR, iliyoingia sokoni mwaka 1967, huiacha nyumbani. Lakini ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya bunduki hizo, na watu wa huku huuhamishia kwenye bunduki za bolti, ambazo kile chuma kinachofunga chemba, yaani bolti, huvutwa kwa mkono, bila kujua ulikotoka.

Kwenye nusu-otomatiki ya gesi, kichwa cha risasi kikishapita kwenye tundu dogo la mtutu, sehemu ya gesi huchepuka hapo na kusukuma bolti nyuma. Gesi ikiwa kidogo, bolti hairudi vya kutosha, na ganda hubaki limebanwa kati. Ikizidi, bolti hurushwa nyuma kwa nguvu na mapema mno, ganda likiwa bado limeganda kwenye kuta za chemba. Hapo ukingo wa ganda hung'olewa, na baada ya muda vyuma vyenyewe huumia. Kwenye M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, fimbo inayosukuma bolti hupinda.

Watu husema "greni nyingi zimeiua bunduki". Greni peke yake haina kosa. Kichwa kizito huambatana na baruti inayoungua polepole, na baruti hiyo huacha shinikizo kubwa likiwa bado ndani ya mtutu wakati kichwa kinapita kwenye tundu la gesi. Garand ilizoea risasi ya jeshi yenye kichwa cha greni 150 hivi na baruti ya mwendo wa kati. Ndiyo maana wenye bunduki hizo huepuka greni 200 na 220.

Bunduki ya bolti haina tundu la gesi. Mkono wako ndio unaotoa ganda, baada ya shinikizo lote kuisha. Kwa hiyo onyo la mtandaoni la "usizidishe greni 170" halimhusu mwenye .30-06 ya bolti anayemfuata pofu Rungwa. Kinachomhusu ni msokoto wa mifereji ya mtutu: kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu, ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa haraka zaidi. Mitutu mingi ya .30-06 huzungusha mara moja kwa kila inchi 10, na hiyo inatosha hata kwa greni 220. Kumbuka pia kwamba shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha shaba tupu cha greni 180 ni kirefu kuliko cha kawaida chenye uzito uleule. Tundu kwenye karatasi ya shabaha likionekana refu kama punje ya mpunga badala ya duara, kichwa kinayumba hewani. Badilisha aina.

Dhana: Risasi ya kujaza kwa mkono daima ni bora kuliko ya kiwandani.

Kwanza, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo hili si jambo la kujaribu nyuma ya nyumba. Lakini baadhi ya wageni huja na risasi walizojaza wenyewe kwao, na mwindaji bingwa anayewaongoza anapaswa kujua kuzikagua.

Pima urefu wote: .30-06 isizidi milimita 84.8, na .308 isizidi 71.4, la sivyo zinaweza kukwama kwenye magazini. Pitisha ncha ya kidole juu ya fataki, kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda. Inapaswa kuwa ndani kidogo ya usawa wa kitako. Iliyochomoza inaweza kulipuka bolti inapofunga, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye nusu-otomatiki, ambako bolti hujibamiza yenyewe. Angalia shingo ya ganda kama ina ufa. Kisha tazama sehemu ya sentimita moja hivi juu ya kitako: mstari unaong'aa kulizunguka ganda unaashiria kwamba limechoka na liko karibu kukatika. Litupwe.

Mwisho, kila risasi ipitishwe chemba moja moja kambini, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama. Zipo risasi zinazoingia vizuri kwenye bunduki moja na kugoma kwenye nyingine, kwa sababu ganda lililowahi kufyatuliwa huchukua umbo la chemba iliyolitanua.

Dhana: Ukishalenga shabaha kwa greni moja, zote zitafika hapohapo.

Hapana. Ukihama kutoka 150 kwenda 180, alama inaweza kusogea sentimita kadhaa kwenye mita 100, na mara nyingine husogea pembeni. Piga risasi tatu za aina utakayotumia siku hiyo, kisha rekebisha darubini.

Dhana: Jua na vumbi haviidhuru risasi.

Baruti iliyopata joto huungua kwa kasi zaidi na kupandisha shinikizo. Boksi lililoachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana wa Oktoba hupata joto kuliko hewa ya nje, na risasi iliyokuwa karibu na kikomo huanza kubana bolti. Bolti ikiwa nzito kuinua baada ya kufyatua, acha kutumia boksi hilo. Usipake ganda mafuta ili litoke kirahisi: ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na mzigo wote huangukia bolti. Mafuta hayohayo hunasa vumbi la kiangazi na kuligeuza kuwa msasa. Futa chemba kwa kitambaa kikavu kila jioni, na uhifadhi risasi kwenye kisanduku kilichofungwa, chini ya kiti, kivulini.