Wizi wa utambulisho ni nini?

Wizi wa utambulisho ni mtu kuchukua taarifa zako, kama jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), alama ya kidole au namba ya siri, kisha akajifanya wewe. Kitambulisho chako kinaweza kuwemo mkobani muda wote, na huku mwengine anakopa au anatapeli watu kwa jina lako.

Hapa Unguja na Pemba mlango mkubwa ni laini ya simu, kwa kuwa inasajiliwa kwa alama za vidole. Bibi amekaa mbele ya msajili, chini ya mwavuli, Darajani au Chake Chake. Anaambiwa: "Kidole hakijashika, bibi, weka tena." Kumbe cha mwanzo kilishashika. Hiki cha pili kinasajili laini nyengine ambayo bibi hataiona, na siku ikifanyiwa utapeli, jina litakalotokea ni lake. Wasajili wengi ni waaminifu, na vidole vilivyochakaa kwa kazi kweli huisumbua mashine. Ndiyo maana watu hawashtuki. Ukiambiwa urudie, omba kwanza uoneshwe kioo cha simu yake. Mpelekeni mzee na kijana anayejua kusoma kilichoandikwa pale.

Baadaye piga *106#, uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaifute, na upite kituo cha polisi.

Jambo jengine ni namba yenyewe ya NIDA. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo aliyefanya mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, siri yake imeandikwa juu ya kitambulisho. Ibadilishe leo. Na ukitoa kopi steshenari, zile zilizoharibika ondoka nazo, zisije zikafungiwa njugu.

Kutumia utambulisho wa mtu mwengine kwa njia ya kompyuta ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Bara na Zanzibar. Meseji za "ile pesa tuma kwa namba hii" zipeleke kwa namba 15040, ya kuripoti utapeli. Na polisi usitoke bila ya karatasi ya taarifa yako: laini ile ikija kutajwa kwenye kesi, karatasi hiyo itaonesha kuwa ulilalamika mapema.