Je, wajua kwa nini makala inafunguka ukiwa chuoni, ukifika nyumbani inadai ulipie?

Mchana upo maktaba, umeunga waifai ya chuo, unabonyeza linki ya makala, PDF inashuka fasta bila kuulizwa jina wala pasiwedi. Usiku upo nyumbani, laptopu ile ile, linki ile ile, mara unaletewa ukurasa wenye kufuli na bei kwa dola. Unajaribu pasiwedi ya barua pepe ya chuo, wapi, tovuti haikujui kabisa. Hapo wengi wanasema maktaba imeacha kulipia, wengine wanalaumu mtandao, na wapo wanaotoa kadi wakalipia kitu ambacho chuo chao kilishakilipia, na hao ndo wanaoniuma zaidi.

Ukweli ni kwamba ile tovuti mchana haikukutambua wewe, iliutambua mtandao wa chuo. Ila ili hilo lieleweke inabidi kwanza tuondoe imani moja iliyoota mizizi sana, kwamba maktaba "imenunua" majarida ya elektroniki na yamehifadhiwa mahali fulani kwenye kompyuta zake.

Imani hiyo imetokana na karatasi. Zamani chuo kililipia jarida, likaja kwa posta, likapigwa muhuri, likapangwa rafuni, na hata kama mwaka uliofuata hela ya usajili ilikosekana matoleo ya nyuma yalibaki pale pale, hakuna mchapishaji aliyekuja na gari kuyabeba. Kwenye elektroniki sivyo. Makala zipo kwenye sava za mchapishaji au msambazaji, mara nyingi nchi nyingine kabisa, na maktaba inacholipia kila mwaka ni leseni, yaani mkataba unaosema watu wa taasisi hii wanaruhusiwa kusoma vitu hivi kwa muda huu kwa masharti haya. Izunguke maktaba nzima, fungua kila kompyuta, hiyo PDF huikuti. Ukiingia ofisini kwa mkutubi wa rasilimali za elektroniki utakuta mikataba, orodha ndefu za majarida zenye tarehe ya kuanzia na ya kuishia, pasiwedi za akaunti za usimamizi kwa kila mchapishaji, na barua pepe za kukumbushwa kulipa.

Ndo maana usajili ukikatika yanaweza kupotea hata matoleo ya miaka ambayo chuo kilishayalipia. Yanaweza, sio lazima, inategemea kama mkataba una kipengele cha kuendelea kusoma yale yaliyolipiwa hata baada ya kuachana, na wakutubi wanakipigania sana kipengele hicho wakati wa majadiliano. Hofu hiyo hiyo ndo iliyozaa mradi wa LOCKSS pale Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, ambapo maktaba nyingi zinatunza nakala za maudhui yale yale na mashine zao zinalinganisha nakala zenyewe kwa zenyewe, ikiharibika moja inarekebishwa kwa kutazama zingine. Baadaye, mwaka 2005, ikaja Portico, hifadhi inayofunguliwa pale mchapishaji anapoacha kulitoa jarida na halipatikani tena kwingine.

Halafu hata maktaba ikikuambia makala "ipo", hizo "ipo" ni za aina tofauti. JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa majarida mengi ina ukuta wa muda, kawaida miaka 3 mpaka 5 hivi, kwa hiyo unapata toleo la miaka kumi iliyopita lakini la mwaka jana hupati, na ukuta wenyewe unasogea mbele kila mwaka. Kuna kitabu cha elektroniki ambacho leseni yake ni ya msomaji mmoja kwa wakati, wa pili anaambiwa asubiri, ingawa ni faili tu na halipungui likisomwa na watu elfu. Na kuna jarida linalohama kutoka kwa mchapishaji mmoja kwenda mwingine mwezi Januari, linki zote za zamani zinakufa, maktaba inabaki kuhangaika kujua nani sasa analipwa.

Sasa turudi kwenye mlango wenyewe, na hapa ndo patamu.

Kila kifaa kinachotoka kwenda intaneti kinaonekana kwa anwani ya IP. Ile ya kawaida ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Chuo kinakuwa na fungu lake la anwani, na siku ya kusaini mkataba maktaba inampa mchapishaji orodha ya mafungu hayo. Kuanzia hapo sava ya mchapishaji haina haja ya kujua nani anasoma, inatazama tu ombi limetoka anwani gani. Chukulia askari getini ambaye amepewa namba za mabasi ya chuo. Basi likifika anasoma namba za gari, zikiwepo kwenye orodha anafungua, hapandi ndani kukagua vitambulisho vya abiria. Ukija kwa miguu, hata ukiwa profesa wa chuo hicho hicho, hupiti, maana yeye hajapewa sura ya mtu yeyote, amepewa namba za mabasi basi.

Ukilishika hilo, vituko vingi vinajieleza vyenyewe. Unaweza kukaa ndani ya maktaba kabisa, umezungukwa na rafu, lakini ukitumia bando la simu yako makala inakugomea, kwa sababu ombi lako limepita mtandao wa kampuni ya simu. Na mgeni asiyesoma chuo hicho akiketi kwenye kompyuta ya maktaba anasoma kila kitu, na wala sio wizi, mikataba mingi inaruhusu kabisa wageni waliofika wenyewe maktaba. Pia chuo kikibadilisha kampuni ya intaneti kinaweza kupata anwani mpya, na kama idara ya TEHAMA haijamwambia mkutubi basi kesho yake chuo kizima kinaamka kimefungiwa, hela imelipwa vizuri, mkataba upo hai, ila namba za mabasi zimebadilika na askari hana habari.

Kwa aliye nyumbani dawa yake ni proksi, yaani basi lije kukuchukua. Maarufu zaidi ni EZproxy, iliyotengenezwa mwaka 1999 na Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja Arizona, Marekani, na mwaka 2008 ikanunuliwa na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba. Unapoingia kupitia ukurasa wa maktaba unaulizwa namba yako na pasiwedi ya chuo, ukikubaliwa, kuanzia hapo maombi yako yanakwenda kwanza kwenye sava ya proksi iliyosajiliwa kwa anwani za chuo, yenyewe ndo inaenda kwa mchapishaji, inachukua ukurasa, inakuletea. Mchapishaji anaona chuo tu.

Tazama juu kwenye brauza utaliona jambo lenyewe likitokea. Badala ya www.jstor.org inasomeka www-jstor-org halafu linafuata jina la proksi ya chuo chako, zile nukta za mwanzo zimegeuzwa vistari. Na proksi haigeuzi anwani ya juu peke yake, inapitia ukurasa mzima na kuandika upya linki zilizomo ili ukibonyeza yoyote usitoke nje ya basi. Ila inafanya hivyo kwa tovuti tu ambazo mkutubi amezisajili kwenye mipangilio yake. Mchapishaji akibadilisha jina la tovuti au akaongeza sava nyingine ya PDF bila taarifa, unakuta muhtasari unafunguka vizuri, ukibonyeza PDF umetemwa nje. Kama imewahi kukutokea ukashangaa inakuwaje nusu ifunguke nusu ikatae, mara nyingi chanzo ndo hicho. Na ndo maana linki uliyoikopi Google ukaibandika moja kwa moja haikusaidii ukiwa nyumbani, haijapita kwenye proksi hata kidogo.

Kwa kuwa wote mmepanda basi moja, kosa la mmoja linawagharimu wote. Mtu akiwasha programu inayoshusha jarida zima toleo kwa toleo, sava ya mchapishaji inahisi wizi na kuifungia anwani ya proksi, hapo walioko nyumbani wote wanakosa huduma. Mkutubi anaingia kwenye kumbukumbu za proksi, anatafuta akaunti iliyohusika, mara nyingine anakuta pasiwedi ya mwanafunzi imeibwa na mwenyewe hajui, anaifungia, anamwandikia mchapishaji kuomba mlango ufunguliwe. Kiwango gani kinahesabika "kupita kiasi" mikataba mingi haitaji kwa namba, inakataza tu upakuaji wa kimfumo, kwa hiyo usitegemee mtu akuambie makala 50 ni salama na 51 ni kosa.

Njia za kisasa zaidi zipo, Shibboleth na OpenAthens, ambapo unachagua jina la taasisi yako kwenye tovuti ya mchapishaji, unapelekwa kuingia kwa pasiwedi ya chuo, kisha chuo kinamthibitishia mchapishaji kuwa wewe ni wao. Zinafanya kazi popote ulipo na mtu mmoja akikosea anafungiwa yeye. Ila kwa anwani ya IP mchapishaji hakupewa chochote kumhusu msomaji mmoja mmoja, na hilo maktaba zinalithamini mno, kwa sababu mtu anachosoma ni siri yake. Kwenye njia mpya chuo ndo kinaamua kipeleke taarifa gani, wengine wanapeleka "huyu ni mwanafunzi wetu" pekee, wengine na barua pepe juu. Mimi naona kila chuo kinapaswa kupeleka kidogo iwezekanavyo, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza kinapelekwa nini.

Kwa hiyo ukikutana na kufuli usiku, usitoe kadi. Anzia ukurasa wa maktaba, tafuta jina la jarida kwenye orodha ya majarida ya elektroniki, ingia kwa pasiwedi ya chuo, na uangalie kama mwaka wa makala yako umo kwenye tarehe zilizoandikwa pale. Ikigoma bado, mwandikie mkutubi, lakini usiandike "haifunguki" peke yake. Mpe anwani nzima kama inavyoonekana juu ya brauza, saa ilipotokea, mtandao uliokuwa unatumia, na skrinshoti ya ujumbe wenyewe. Kwa hivyo vinne anaweza kujua haraka kama tatizo ni leseni, ni tarehe, ni proksi, au ni anwani za chuo ambazo mchapishaji bado hajaletewa.