Oceanides ya Sibelius: sio nguva, na haikuandikwa melini

Kuna muziki wa okestra wa kama dakika kumi hivi unaitwa The Oceanides, wa Jean Sibelius wa Ufini, shairi la bahari bila neno hata moja, na mimi naupenda kiasi kwamba nikikuta mtu anausimulia kimakosa siwezi kupita kimya.

Kosa kubwa ni hili, eti Sibelius alipanda meli kwenda Marekani mwaka 1914, akaiona Atlantiki, yale mawimbi yakamjaa kichwani ndo akakaa akaandika. Stori tamu lakini tarehe zinaikataa. Muziki uliagizwa na mtu na mkewe, Carl Stoeckel na Ellen Battell Stoeckel, kwa ajili ya tamasha lao la Norfolk kule Connecticut, na Sibelius aliufanyia kazi akiwa Ulaya kati ya 1913 na 1914, yaani hadi nota za toleo moja zilitangulia Marekani kwa posta kabla yeye mwenyewe hajapanda meli mwezi Mei. Halafu hakuridhika! Lile lililotangulia lilikuwa kwenye kii (ngazi ya sauti) ya D flati, akalifumua akalihamishia D na kulipanga upya, na hilo jipya ndo aliloliongoza mwenyewe tarehe 4 Juni 1914, ndo tunalolisikia mpaka leo. La D flati limebaki Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ndo maana linaitwa toleo la Yale. Na nyuma ya hayo kulikuwa na lingine la vipande vitatu, kipande cha kwanza kimepotea. Kwa hiyo unaona, huyu mtu alihangaika na bahari yake mezani, akifuta na kuandika tena, sio upepo wa melini uliomletea. Na bahari yenyewe hakuwa mgeni nayo, utotoni alikuwa akienda likizo Loviisa, mji wa pwani wa Ghuba ya Ufini, na mwaka 1901 alikaa Rapallo kule Italia na familia yake.

La pili, nguva. Mtu akisikia kwamba Oceanides ni binti wa baharini basi picha inayomjia ni mwanamke mwenye mkia wa samaki. Hapana jamani. Kwa Wagiriki hawa ni binti wa miungu wawili, Okeanos na Tethys, na mshairi wa kale Hesiod anasema wako elfu tatu, mikia hana habari nayo kabisa. Baba yao sio Poseidon, yule mungu wa bahari, Okeanos ni wa kizazi cha zamani zaidi, cha miungu wanaoitwa Matitani, na Wagiriki walimuona kama mto mkubwa unaoizunguka dunia yote. Na binti zake hawako baharini tu, Hesiod anasema wametapakaa duniani kote na kwenye vilindi, hata Styx, mto wa kuzimu, ni mmoja wao. Wengi pia wanawachanganya na Nereids, wale hamsini binti wa Nereus, mungu mwingine wa bahari, na kuchanganya kwenyewe kunaeleweka maana mama wa hao hamsini anaitwa Doris na Doris ni binti wa Okeanos, kwa hiyo hao ni watoto wa dada yao.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote hapo ni jina la Kifini. Sibelius aliuita Aallottaret. Aalto ni wimbi, na hiyo tar ya mwisho wa neno Wafini wanaiweka kumfanya kitu kuwa mwanamke, kwa hiyo ni kama kusema mabinti-mawimbi, wimbi lenyewe ndo binti.

Wengine watakwambia Sibelius ni wa Kalevala tu, hadithi za kwao, Ugiriki alifuata nini. Ni kweli nyingi zimetoka huko, lakini hii hapa haikutoka, imeisha.

Halafu Debussy, mtunzi wa Ufaransa. Eti Sibelius kaiga La mer yake, yaani Bahari. La mer ilitoka 1905 na ndiyo, zote ni bahari, zote zinang'aa kwenye okestra, lakini Debussy mwenyewe aliiita michoro mitatu ya kisimfonia, vipande vitatu kila kimoja na sura yake. Sibelius aliyeanza na vitatu aliishia na kimoja kisichokatika. Na kama unatafuta Ugiriki kwa Debussy nenda kwenye muziki wake mwingine, Nocturnes, kile kipande cha Sirènes, wale wanawake wa hadithi za Kigiriki wanaovuta mabaharia kwa nyimbo, pale kuna wanawake wanaimba bila maneno. Kwenye Oceanides haimbi mtu, ukisubiri sauti utasubiri mpaka mwisho.

Na hapo ndo tunafika kwenye lile linaloniuma zaidi, watu kukaa wanatafuta stori, nani kaingia, nani kazama, dhoruba imeanza wapi. Hakuna anayezama. Sikiliza tu mwanzo, fidla zimezibwa sauti zinayumba chinichini, ngoma za timpani zinaguruma kwa mbali sana, mara filimbi mbili zinatokea juu zinacheza kama watoto wanaokimbizana ufukweni, hao ukitaka waite mabinti. Wanaondoka, wanarudi, na kila wakirudi maji chini yao yamekuwa mazito kidogo, vinubi viwili vinaingia, mabomba ya shaba yanaingia, na wewe hujui ni saa ngapi mambo yamekuwa makubwa hivi kwa sababu hakuna mahali alipokushtua. Muziki mzima ni wimbi moja linalojikusanya tangu mbali. Karibu na mwisho linainuka juu kabisa, okestra yote inanguruma, filimbi zile huzisikii tena, na likishapasuka hakuna shangwe ya ushindi, sauti zinapungua, maji yanatulia, chodi chache za upole na kimya.